Mteremko mmoja wa granaiti, mashimo matatu, udongo wa aina tatu: upi wa tofali, upi wa msingi?

Kiwanja_Bondeni

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna eneo nje kidogo ya Mwanza, mteremko unaoanzia kwenye majabali ya granaiti na kushuka mpaka bondeni, kama mita 400 hivi. Kabla ya kuamua nyumba ikae wapi yamechimbwa mashimo matatu, na kila shimo limetoa kitu chake.

Shimo A, juu, chini ya majabali: mchanga wa kahawia unaoelekea wekundu, sm 70. Chini yake ni jiwe lililooza. Ukilitazama ni granaiti kabisa, kila chembe ipo mahali pake, ila unalivunja kwa vidole. Ndani yake kuna unga mweupe na vipande vyembamba vinavyong'aa kama dhahabu.

Shimo B, katikati: mchanga wa kijivu sm 40, kisha tabaka gumu ambalo sururu inadunda. Likiloa linakuwa tope la kuteleza.

Shimo C, bondeni: udongo mweusi, kiangazi una nyufa za kuingiza kiganja, na kuanzia mita moja kwenda chini una vijiwe vyeupe kama njegere.

Naomba kujua: (1) upi unafaa tofali za kuchoma? (2) msingi ukae wapi? (3) ule unga mweupe wa A ni kaolini, yaani mfinyanzi mweupe wa viwandani, ya kuuzwa? (4) inakuwaje jiwe moja litoe udongo wa aina tatu?

---

Mwamba_na_Maji

Mkuu, swali lako la nne ndilo linalobeba mengine, naanza nalo.

Granaiti ya huko ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 na imeundwa kwa fuwele za madini manne makuu: kwatzi, feldispa ya potasiamu, plajioklezi (feldispa ya sodiamu na kalsiamu) na ulanga mweusi. Hayaozi kwa mwendo mmoja. Plajioklezi na ulanga mweusi hutangulia, feldispa ya potasiamu hufuata, kwatzi karibu haiguswi. Mchanga wako wa juu ni kwatzi iliyobaki baada ya wenzake kuondoka. Hivyo vinavyong'aa kama dhahabu ni ulanga mweusi uliopoteza potasiamu na kuingiza maji. Weka kwenye karai la kuoshea dhahabu uone unavyoelea na kusombwa wa kwanza. Dhahabu ingebaki chini, na ukiigonga ingebonyea badala ya kuchanika.

Kinacholiozesha jiwe ni maji ya mvua yaliyochukua kaboni dioksidi ya udongoni yakawa asidi hafifu. Kwa feldispa ya potasiamu mlinganyo ni huu:

2KAlSi3O8 + 2H⁺ + 9H2O → Al2Si2O5(OH)4 + 2K⁺ + 4H4SiO4

Igeuze iwe uzito: kilo 100 za feldispa zinaacha kama kilo 46 za kaolinaiti, madini yanayounda kaolini. Kilo 43 hivi za silika na kilo 17 za oksidi ya potasiamu zinayeyuka na kuondoka na maji. (Jumla inazidi 100 kwa sababu kaolinaiti yenyewe imemeza maji kilo 6 na nusu.) Zaidi ya nusu ya feldispa, kwa hiyo, haipo tena kwenye shimo A. Imeteremka.

Na imeteremkia kwenye C. Pale maji hayana pa kutokea. Masika yanatuama, kiangazi yanakauka na kuacha silika iliyoyeyuka juu, magnesi ya ulanga mweusi, kalsiamu na sodiamu za plajioklezi. Kaolinaiti ina shiti (tabaka jembamba) moja ya silika kwa kila shiti moja ya alumini. Smektaiti, ambayo ndiyo mfinyanzi wa mbuga, ina shiti mbili za silika zinazobana moja ya alumini, na katikati ya tabaka zake inakaa kalsiamu, magnesi au sodiamu pamoja na maji. Ili ijengeke inahitaji silika nyingi, magnesi, na maji yasiyo na asidi nyingi. Juu mteremkoni vitu hivyo vinaoshwa kabla ya kufika kiwango hicho, bondeni vinajikusanya. Vijiwe vyeupe ni kalsiamu kaboneti, ushahidi kwamba kalsiamu ilifika pale ikakosa njia ya kutoka. Dondoshea siki au ndimu, vitatoa povu.

B ni kituo cha kati. Mchanga umeoshwa juu, mfinyanzi umejaa chini, na mara nyingi sodiamu imeshika sehemu kubwa ya mfinyanzi huo. Wasukuma wana majina ya zote tatu tangu zamani: luseni juu, itogolo katikati, mbuga chini. Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, mwaka 1935 aliuita mpangilio huu katena, yaani mnyororo, na neno hilo wataalamu wa udongo duniani wanalitumia hadi leo.

Ukienda penye mvua nyingi zaidi na maji yanayopita haraka, hata silika ya kaolinaiti huoshwa na kubaki gibsaiti, ambayo ni oksidi ya alumini na maji tu. Boksaiti (mawe yanayotoa alumini) ya Magamba, Lushoto, ilitokea kwa njia hiyo. Mwanza yenye mvua ya milimita 1000 hivi kwa mwaka na kiangazi kirefu haifiki huko.

---

Jiwe_la_Athi

Mwamba_na_Maji, hapo sijakubaliana nawe kabisa. Tulivyofundishwa, granaiti huzaa kaolini kwa sababu ina magnesi na kalsiamu kidogo, na mbuga nyeusi ni mtoto wa basalti (mwamba mweusi wa volkeno) na jamaa zake. Je, bondeni kwake hakuna mwamba mwingine chini? Dolerati, jamaa ya basalti, inapita kwenye granaiti nyingi kama mshipa, na huwa haionekani juu.

---

Mwamba_na_Maji

Swali zuri. Mwamba una sauti, ila maji ndiyo yenye neno la mwisho. Angalia Nairobi: upande wa Karen na Muthaiga udongo ni mwekundu, kaolinaiti na oksidi za chuma, ukishuka Embakasi hadi tambarare za Athi ni mweusi wa kupasuka. Kote ni mawe ya volkeno. Kinachobadilika ni mwinuko, mvua na njia ya maji. Basalti ina magnesi na kalsiamu nyingi, kwa hiyo inafika kwenye smektaiti mapema, hata palipo na mteremko kidogo. Granaiti inahitaji bonde lililoziba na muda mrefu. Lakini inafika.

Dolerati inawezekana, na kuikagua ni rahisi. Osha kilo mbili za udongo wa C kwenye ndoo, mwaga tope mara kadhaa mpaka maji yawe safi, kisha angalia mchanga uliobaki kwa lenzi ya mara 10. Ukikuta kwatzi ya pembepembe na chembe za feldispa ya waridi, mzazi ni granaiti. Ukikuta mchanga mweusi mtupu unaovutwa na sumaku na kwatzi karibu hakuna, hapo nitakuunga mkono.

---

Maabara_Udongo

Kabla ya kupeleka chochote maabara, kuna kipimo kinachotenganisha kaolinaiti na smektaiti kwa mafuta ya taa. Wahandisi wa India ndio waliokieneza.

Anika udongo ukauke, ponda kwa mchi wa mti (wa chuma unavunja na chembe za mchanga), chekecha kwa chekeche la milimita 0.425. Kausha kwenye oveni nyuzi 105 hadi 110 kwa saa 24. Pima gramu 10 mara mbili. Gramu 10 za kwanza zitie kwenye silinda ya kipimo ya mililita 100 yenye maji yaliyotoneshwa (distilled) au ya mvua, za pili kwenye silinda nyingine yenye mafuta ya taa. Jaza hadi 100, koroga kwa waya kutoa viputo, acha saa 24. Soma ujazo wa udongo uliotua kila upande, kisha gawa wa maji kwa wa mafuta.

Jibu likiwa 1.0 au chini, hakuna kuvimba na mfinyanzi ni wa jamii ya kaolinaiti. Kati ya 1.0 na 1.5 ni mchanganyiko. 1.5 hadi 2.0 smektaiti ipo, kuvimba kwa wastani. 2.0 hadi 4.0 kuvimba sana. Juu ya 4.0 kaa mbali.

Mafuta ya taa hayawezi kuingia kati ya tabaka za smektaiti, kwa hiyo kule haivimbi. Kwenye maji inafunguka. Kaolinaiti tabaka zake zimefungana kwa haidrojeni, maji hayapiti, na kwenye mafuta chembe zake hushikana ovyo zikaacha nafasi wazi nyingi. Ndiyo maana inaweza kutoa 0.7 au 0.8. Msishangae ikishuka chini ya moja.

Yanayoharibu kipimo: kutumia maji ya bomba au kisima yenye chumvi (yanagandisha chembe na kupunguza uvimbe), kuacha mchanga mwingi (unapunguza tofauti, kwa hiyo kwa A ni lazima uchekeche vizuri), na kusoma wakati maji bado yana mawingu. Udongo wa B unaweza kukataa kutua kwa saa 24 kwa sababu ya sodiamu. Subiri mpaka mstari uonekane, usisome wingu.

Kwa B ongeza hiki: chukua bonge dogo la ukubwa wa punje ya hindi, lidondoshe taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usiliguse. Likibomoka tu na maji yakabaki safi, salama. Wingu la rangi ya maziwa likianza kutoka pembeni ndani ya dakika 10 na kutanda chini ya glasi, ule ni udongo wa kutawanyika, sodiamu imeshika nafasi kwenye mfinyanzi.

---

Fundi_Tanuri

Najibu la tofali. Usitumie udongo wowote kati ya hiyo mitatu peke yake.

A haina kinachoshika, tofali itavunjika mkononi hata kabla ya kukauka. C unashika kupita kiasi: mfinyanzi labda nusu ya uzito au zaidi, na ni ule wa kuvimba, ambao ukikauka unarudi. Tofali itapasuka kichwani na pembeni ikiwa bado kwenye uwanja. B uache kabisa kwa kazi hii. Sodiamu yake huja juu ya tofali kama unga mweupe wa chumvi, na chumvi hiyo inaendelea kula lipu miaka na miaka.

Changanya C na mchanga wa A. Pima mfinyanzi kwanza: jagi la kioo la lita moja, theluthi moja udongo, maji, nusu kijiko cha chai cha sabuni ya unga, tikisa dakika tano, weka mezani. Kilichotua baada ya sekunde 40 ni mchanga. Kilichoongezeka hadi zipite saa mbili ni vumbi laini. Kinachobaki majini ni mfinyanzi. Ni makadirio, maana mfinyanzi uliotua huwa umejaa maji na kuonekana mwingi kuliko ulivyo.

Tuseme C ina asilimia 55 na A ina 10. Karai moja la C kwa mawili ya A: (55+10+10)/3 ni 25. Moja kwa matatu: (55+30)/4 ni kama 21. Kwa kaolinaiti ningesema nenda hata 30, ila kwa smektaiti anza na moja kwa matatu. Kisha pima kupungua: kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani sm 60, upana sm 4, kina sm 4, pakaza mafuta ndani, jaza tope la ugumu uleule wa kufyatulia, kausha kivulini mpaka limekauka kabisa. Sukuma kipande chote upande mmoja, pima pengo. Sm 5 ni karibu asilimia 8. Ikizidi hapo ongeza mchanga, urudie. Ikipungua chini ya sm 1 tofali itakuwa dhaifu, ongeza C.

Udongo wa mbuga haukubali kuchanganywa ukiwa mkavu wala ukiwa tope. Ukiwa mkavu unabaki mabonge magumu ndani ya tofali, na kila bonge ni ufa. Uchimbe kiangazi, upondeponde, umwagie maji, uufunike kwa turubai siku tatu au nne unywe hadi ndani, ndipo uchanganye na mchanga.

Vile vijiwe vyeupe msivipuuze. Tanuri likipita nyuzi 800 hadi 900 vinageuka kuwa chokaa hai. Tofali inatoka nzuri, inapangwa, mvua ya kwanza chokaa inanyonya unyevu, inavimba na kurusha kipande cha tofali, na katikati ya shimo utaona kidoti cheupe. Chimba C juu ya mita moja, kabla ya vijiwe, au pitisha kwenye chekeche la milimita 2. Kama tofali zimeshachomwa nazo, njia ya mwisho ni kuzitumbukiza kwenye maji mara zinapotoka tanurini, chokaa ilainike yote kwa mkupuo. Inapunguza tatizo tu, haimalizi.

Kuchoma sasa. Smektaiti inashikilia maji kati ya tabaka mpaka karibu nyuzi 200, kwa hiyo moto wa kwanza uwe wa moshi tu, midomo ya tanuri nusu wazi, mpaka mvuke mweupe unaotoka juu uishe. Mkiwasha kwa pupa tofali zinalipuka ndani. Kati ya nyuzi 450 na 600 kaolinaiti nayo inatoa maji yaliyo ndani ya fuwele zake. Na kwa vile mchanga wenu ni kwatzi ya granaiti, kumbukeni nyuzi 573: hapo kwatzi hubadili umbo na kuongezeka ghafla ikipanda, kupungua ghafla ikishuka. Tanuri likifunguliwa lingali na moto, upepo ukaingia, tofali za pembeni zinapata nyufa nyembamba kama unywele. Ukiigonga inalia kikopo badala ya kengele. Ziba kwa tope na uache lipoe lenyewe.

Pumba za mpunga zinatosha kama kuni ni shida, lakini zichanganye kidogo na kwenye tope pia, karai moja kwa makarai 10 ya udongo. Zinaungua ndani na kuacha vitundu vinavyotoa mvuke.

---

Nondo_na_Zege

Msingi: juu, upande wa A. Ila usidanganyike kwamba kwa kuwa ni mwamba basi kazi imekwisha.

Granaiti huoza kufuata nyufa zake. Katikati ya mwamba uliooza hubaki mabonge mazima ya duara, mengine makubwa kuliko gari, na mengine madogo. Yale majabali mnayoyaona juu ya vilima vya Mwanza ni mabonge hayo hayo baada ya udongo wa kuyazunguka kusombwa. Kona moja ya nyumba ikikaa juu ya bonge na kona nyingine juu ya jiwe lililooza, upande mmoja unatulia mwingine unashuka, na ufa unatoka kona ya dirisha kwenda juu. Piga mtaimbo kila mita moja na nusu kwenye mstari mzima wa msingi. Ukidunda mahali pamoja tu na kwingine unazama, chimbua sm 30 juu ya bonge hilo, weka mto wa mchanga ulioshindiliwa, au sogeza nyumba.

B: tabaka gumu linazuia maji ya masika, yanatembea juu yake ndani ya ule mchanga wa sm 40. Mtaro wa msingi utajaa maji na kuta zitanyonya unyevu. Kama kipimo cha glasi kimetoa wingu, usiurudishe udongo huo kujazia mtaro. Maji yataupenyeza, yatausomba chembe kwa chembe, na baada ya misimu miwili kuna handaki chini ya sakafu. Jazia moramu.

C: usijenge ukiwa na chaguo jingine. Ukuta wa nyumba ya kawaida ya chini unasukuma udongo kwa kilopaskali 30 hadi 50, wakati mbuga ikinyonya maji inaweza kusukuma juu kwa zaidi ya 200. Nyumba nyepesi ndiyo inayonyanyuliwa zaidi, kwa hiyo hoja ya "ni kibanda tu" inageuka. Kama huna pengine: ondoa mweusi mita 1 hadi 1.5, jaza moramu kwa tabaka za milimita 150, kila moja ishindiliwe ikiwa na unyevu. Usijaze mchanga mtupu, maana shimo la mchanga ndani ya mfinyanzi linakuwa birika: maji yanaingia, hayatoki, na yanalowesha mbuga ya pembeni mwaka mzima. Zungushia nyumba sakafu ya nje ya zege ya upana wa mita 1.2 yenye mwinamo, na miti iwe mbali angalau kwa urefu wake.

Shimo la maji taka nalo lisiende C. Mbuga ikishaloa hainywi hata ndoo moja, shimo litafurika Machi.

---

Kiwanja_Bondeni

Asanteni sana wakuu. Vipimo vya mafuta ya taa vimefanyika kama alivyoelekeza Maabara_Udongo. A: maji ml 12, mafuta ml 14. B: maji 19, mafuta 13, ilichukua siku mbili kutua. C: maji 34, mafuta 12. Bonge la B limetoa wingu. Mchanga uliooshwa kutoka C una kwatzi ya pembepembe na chembe za waridi.

Limebaki swali la unga mweupe. Na kama ni kupeleka maabara, niombe nini hasa?

---

Jiwe_la_Athi

Kwatzi na waridi, basi ni granaiti. Nimeelewa.

---

Mwamba_na_Maji

A ni 0.86, B ni 1.46, C ni 2.83. Yameingia mahali pake.

Unga mweupe: karibu hakika kaolinaiti ipo, ila kuwepo na kuuzika ni mambo mawili. Fanya hivi. Loweka kilo 10 za jiwe lililooza usiku kucha, vuruga kwa mkono (usiponde, utasaga kwatzi na feldispa ikaingia kwenye unga), pitisha kwenye chekeche la milimita 0.063. Kilichopita kikoroge kwenye ndoo ya maji, acha saa 7 kwa maji ya nyuzi 25 au saa 8 kwa nyuzi 20, kisha nyonya kwa mpira sm 10 za juu tu. Chembe zote kubwa kuliko mikroni 2 (elfu mbili za milimita, yaani 0.002) zitakuwa zimeshapita hapo. Rudia mpaka maji ya juu yawe safi. Gandisha tope ulilokusanya kwa chumvi kidogo, mwaga maji, kausha, pima uzito.

Ukipata chini ya kilo moja kwa kilo 10, achana nayo. Migodi ya Cornwall, Uingereza, inasifika kwa kutoa kama tani 9 za taka kwa kila tani ya kaolini, lakini wao wana mwamba uliooza kwa kina cha makumi ya mita, pamoja na soko na bandari. Na usilinganishe na Pugu, jirani na Dar es Salaam: ile kaolini imo ndani ya mawe ya mchanga, haikuozea pale pale kwenye granaiti.

Kisha rangi. Finyanga kidonge kama sarafu, kichome nyuzi 1000 hadi 1200. Kikitoka cheupe, una kitu. Kikiwa cha rangi ya krimu au waridi, ni chuma cha ulanga mweusi. Viwanda vya vyombo vyeupe hutaka oksidi ya chuma chini ya asilimia 1 hivi. Granaiti yenye ulanga mweusi mwingi kama yako mara chache inafaulu hapo. Penye kufaulu huwa ni pegimataiti, ile mishipa yenye feldispa kubwa kubwa na ulanga mweupe. Kaolini ya Mutaka, Uganda, inahusiana na miamba ya namna hiyo. Ukiona mshipa wa namna hiyo unakatisha eneo, chukua sampuli yake peke yake. Kuchimba kwa kuuza kunahitaji leseni ya uchimbaji mdogo kutoka Tume ya Madini hata kama kiwanja ni chako.

---

Maabara_Udongo

La maabara. Taasisi ya serikali ya Jiolojia Tanzania (GST) wako Dodoma, na idara za jiolojia za vyuo nazo hupokea sampuli. Omba uchambuzi wa mionzi ya eksirei (XRD) kwa sehemu iliyo chini ya mikroni 2, iliyolazwa kwenye kioo, mara tatu: ikiwa imekauka hewani, ikiwa imewekwa ethilini glaikoli (kimiminika kinachovimbisha smektaiti), na ikiwa imechomwa nyuzi 550. Wakikupa grafu moja ya udongo mzima uliosagwa, kwatzi itafunika kila kitu na utalipia jibu la "kwatzi, feldispa, mfinyanzi kiasi".

Namna ya kusoma grafu tatu (kila namba ni umbali kati ya tabaka za madini, kwa nanomita): kilele cha nanomita 0.715 kisichoguswa na glaikoli na kinachopotea baada ya 550 ni kaolinaiti. Cha 1.4 hadi 1.5 kinachohamia 1.7 kwa glaikoli na kushuka 1.0 kwa moto ni smektaiti. Cha 1.0 kisichotikisika kote ni ilaiti (mfinyanzi wa jamii ya ulanga) au ulanga. Cha 1.4 ambacho glaikoli haikisogezi lakini moto unakishusha hadi 1.0 ni vemikulaiti, na kwenye A nategemea muikute, maana ndiyo njia ya ulanga mweusi kuelekea kaolinaiti. Cha 1.4 kinachobaki palepale hata kwa moto ni kloraiti. Huyu ana kilele cha pili karibu kabisa na 0.71 na ndiye anayesingiziwa kuwa kaolinaiti watu wasipochoma.

Ongeza na kipimo cha uwezo wa kubadilishana kationi (chembe zenye chaji chanya kama kalsiamu na sodiamu). Ni cha bei nafuu na kinasahihisha XRD. Kaolinaiti tupu ni 3 hadi 15 cmol (sentimoli) kwa kilo, ilaiti 10 hadi 40, smektaiti 80 hadi 150. Kama mfinyanzi wa A utatoa 40 wakati grafu inasema kaolinaiti tupu, kuna kitu hakikuonekana.

Tahadhari moja kwenye kubeba sampuli ya A. Feldispa ikioza huweza kupita kwenye haloisaiti, ndugu wa kaolinaiti mwenye maji kati ya tabaka. Ikiwa mbichi inasoma 1.0, ikikaushwa, hata kwa jua tu, inaanguka kuelekea 0.72 na hairudi tena, na hapo hutaitofautisha kirahisi na kaolinaiti. Kwa hiyo sampuli ya A usiianike: chukua gramu 500 kutoka ukuta wa shimo uliochimbuliwa upya, tia kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga, tia kwenye mfuko wa pili, na andika kina juu ya mfuko wa nje kwa kalamu isiyofutika. B na C zinaweza kwenda zikiwa kavu.